Kwanza Msikilizane, Kisha Mpange: Mwongozo wa Mafungo ya Wafanyakazi Mikese

Umepewa kazi ya kuandaa mafungo ya wafanyakazi. Mkurugenzi amesema yafanyike nje ya Dar es Salaam, fedha ipo kiasi, na mfadhili anasubiri kuona mpango mkakati mpya. Shirika lenu linatetea haki: labda za wanawake, labda za ardhi, labda linatoa msaada wa kisheria kwa watu wasioweza kumlipa wakili. Nimeuandika mwongozo huu nikiifikiria Mikese, mahali panapoifaa kazi hii kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini mengi yaliyomo yatakufaa hata mkienda Bagamoyo au Lushoto.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote. Mafungo yana kazi mbili, kutafakari na kupanga, na tafakari lazima itangulie. Shirika linaloenda moja kwa moja kwenye majedwali ya shughuli na bajeti litarudi na makosa yale yale ya mwaka jana, yakiwa yamechapwa upya. Na tafakari yenyewe haina maana kama viongozi hawako tayari kusikia kutoka kwa watu wao wa chini mambo ambayo kila siku wanaitaka serikali iyasikie kutoka kwa wananchi.

Kwa nini Mikese

Mikese iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukishaipita Chalinze, kama kilomita 30 hivi kabla ya kuingia Morogoro mjini. Ni kata ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Reli ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipita hapa na kuacha stesheni. Ukisimama uwanjani asubuhi ambayo haina ukungu, milima ya Uluguru inaonekana upande wa kusini na magharibi, na huko ndiko unakoanzia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam.

Umbali wa Mikese kutoka Dar es Salaam na Morogoro una faida yake. Ni mbali vya kutosha kumzuia mtu kusema "narudi ofisini mara moja nisaini hundi," na ni karibu vya kutosha kumfikisha mgonjwa kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro bila kuchelewa. Hoteli za mjini zina vitanda vizuri, lakini zina harusi Jumamosi, zina muziki, na jioni nusu ya wafanyakazi hutawanyika kwenda kusalimia ndugu. Mazungumzo bora ya mafungo hutokea baada ya chakula cha usiku, watu wakiwa wamekaa nje bila ratiba. Ukiwapoteza wakati huo, umepoteza nusu ya ulichokifuata.

Angalizo moja kuhusu barabara. Malori yanayokwenda Zambia, Kongo na Rwanda hupita usiku kucha, kwa hiyo usichague nyumba iliyo ukingoni mwa lami. Tafuta mahali palipoingia ndani: kituo cha mafunzo, nyumba ya mafungo ya watawa, au shamba lenye ukumbi na vyumba. Ukikosa Mikese kwenyewe, upande wa Bigwa karibu na Morogoro mjini kuna nyumba za watawa, na nyumba za namna hiyo kwa kawaida zina ukimya, usafi na chakula cha kueleweka. Uliza mapema masharti yao kuhusu muda wa kufunga geti, na uwaambie wenzako masharti hayo kabla ya safari.

Kuhusu msimu, watu husikia neno Uluguru wakabeba masweta mazito. Mikese iko chini, si mlimani, na kuanzia Novemba hadi Machi joto lake ni kali. Ukumbi wa bati usio na madirisha makubwa utawalaza watu saa nane mchana. Masika, Machi hadi Mei, njia za vumbi zinazotoka barabarani kuingia ndani hugeuka tope. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo inayofaa. Tazama pia kalenda ya Ramadhani na Kwaresima kabla hujaweka tarehe. Kumwita mfungaji akae na wenzake siku tatu zenye chai ya saa nne na chakula cha mchana ni kumwonea bila sababu.

Nenda ukapaone mwenyewe. Picha za simu hazionyeshi kama maji hutoka bombani jioni, kama vyandarua vimetoboka, kama jenereta lina mafuta, kama mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kufika chooni bila kubebwa. Lala pale usiku mmoja ukiweza. Funga mlango wa chumba kwa ufunguo uone kama unafunga kweli. Wanawake watakaolala humo watakushukuru bila kujua.

Nani aende

Jibu langu ni fupi: wote mnaowalipa, na wote mnaowatumia bila kuwalipa. Dereva, mhudumu wa ofisi, mlinzi, mhasibu msaidizi, vijana wa kujitolea. Nimekaa kwenye mafungo ya shirika la haki ambako maofisa walijadili utu wa mwanadamu ukumbini huku madereva wakisinzia ndani ya magari chini ya mwembe, na usiku wakatafutiwa gesti ya bei rahisi kando ya barabara. Hakuna aliyeona tatizo. Dereva wa shirika la msaada wa kisheria amesikia njiani zaidi ya alivyosikia ofisa aliyekaa kiti cha nyuma akiandika ripoti. Yeye ndiye aliyemrudisha nyumbani mama aliyekosa hati yake. Yeye ndiye anayejua kijiji gani wakiiona gari yenu hufurahi, na kijiji gani hukunja uso.

Mikese yenyewe ina historia inayoligusa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizigo ya jeshi la Waingereza ilishushwa kutoka kwenye reli hapa na kupelekwa kusini kuelekea Duthumi na mto Rufiji, kwa magari pale yalipoweza kupita na kwa vichwa vya wapagazi pale yaliposhindwa. Wapagazi wa vita hiyo walikufa kwa maelfu, kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu, na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Vitabu vya vita vimejaa majina ya majenerali. Shirika lenye kutetea haki likikaa kwenye ardhi hii, liwe la kwanza kumhesabu anayebeba mzigo.

Basi mpange vyumba kwa mahitaji, si kwa vyeo. Mzee mwenye maumivu ya mgongo na mama mwenye mtoto wapate vyumba vilivyo karibu na ukumbi, hata kama mkurugenzi atalala mbali. Mama anayenyonyesha aje na mtoto wake na msaidizi wa kumlea, na gharama ya msaidizi huyo iwe kwenye bajeti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Haikusema haki hiyo hukoma mfanyakazi akitoka ofisini. Sheria hiyo hiyo inaweka saa za kawaida za kazi kuwa si zaidi ya 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ratiba inayoanza saa mbili asubuhi na kwisha saa nne usiku, Ijumaa hadi Jumapili, ni uvunjaji wa sheria mnayowafundisha wafanyakazi wa mashambani waidai. Mkilazimika kutumia mwisho wa wiki, rudisheni siku za mapumziko, na tarehe zake zitajwe kabla watu hawajapanda gari.

Na wale mnaowahudumia? Waalikeni wachache kwa nusu siku: wasaidizi wa kisheria wa vijijini, kiongozi wa kikundi cha wanawake, mkulima aliyewahi kuleta mgogoro wake kwenu. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake makuu hapa Morogoro, una kaulimbiu isemayo kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kaulimbiu hiyo ni mtihani kwa kila shirika linalosema kwa niaba ya wengine. Wageni hao wasiletwe kutoa ushuhuda wa kuwasifu. Waulizwe swali moja: ni lini mlikuja kwetu mkaondoka bila msaada, na ilikuwaje? Kisha wafanyakazi wakae kimya wasikilize. Wageni walipwe nauli, chakula na posho ya siku kwa kiwango kile kile mnachojilipa ninyi.

Safari na fedha

Tangu Juni 2024 treni ya mwendokasi ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, lakini haisimami Mikese. Vituo vya karibu ni Ngerengere upande mmoja na Morogoro mjini upande mwingine, kwa hiyo anayekuja kwa treni apangiwe gari la kumrudisha kutoka Morogoro. Kwa kundi zima, basi dogo la kukodi ni rahisi zaidi. Ondokeni alfajiri, foleni ya Kimara na Kibaha isije ikawala. Msisafiri usiku, hata kama mtu ana haraka ya kuwahi. Barabara ile imeua wengi.

Fedha itawagombanisha kuliko itikadi, kwa hiyo imalizeni mapema. Andika kwa ukurasa mmoja nani analipwa nini: malazi na chakula vinalipwa na shirika, posho ya kujikimu ni kiasi fulani, sawa kwa wote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi. Najua miongozo ya fedha ya mashirika mengi ina viwango vya ngazi. Kwa safari ya kikazi ya mtu mmoja mmoja inaweza kueleweka. Kwa mafungo ambayo wote wanakula sahani moja na kulala chini ya paa moja, sioni hoja yake. Kama bodi yenu haijakubali, hiyo iwe ajenda ya tafakari.

Mhasibu akate masurufu yatakayotosha, na aende na kitabu cha hati za malipo. Hoteli watatoa risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD). Mama lishe wa kijijini na kijana mwenye bodaboda hawataweza. Mkubaliane na mhasibu kabla ya safari jinsi ya kuwalipa watu hao: hati yenye jina, namba ya simu, saini, na kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Visingizio vya stakabadhi visiwafanye mnunue kila kitu Morogoro mjini na kuiacha Mikese bila shilingi. Milimani Kinole na Matombo kuna matunda na viungo, Mgeta kuna mboga. Magari huvishusha masokoni Morogoro kila siku. Mpe kazi ya kupika mlo mmoja kila siku kikundi cha akina mama wa hapo, na walipwe kabla hamjaondoka, si baada ya "mchakato."

Siku ya kusikilizana

Mwaka 1969, kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilifanya mkutano wa mashauriano mjini Morogoro. Kilikuwa na makao yake hapa uhamishoni. Hali ilikuwa mbaya. Wapiganaji waliovuka kuingia Rhodesia mwaka 1967 walikuwa wamepata hasara kubwa, na waliorudi walikuta viongozi wao wako mbali nao. Chris Hani, mmoja wa wapiganaji hao, na wenzake sita waliandika waraka mkali: viongozi wanasafiri nje na kuishi vizuri, wamesahau mapambano ya nyumbani, hawajali hatima ya wapiganaji. Hatua ya kwanza ya uongozi ilikuwa kuwaadhibu waandishi hao kwa kuwasimamisha. Lakini waraka ulikuwa umeshawasha moto, na mkutano ukaitishwa. Kabla yake wanachama makambini na matawini walijadili na kutuma maoni yao. Ukumbini, Oliver Tambo, kiongozi mkuu wa chama, aliiweka nafasi yake mikononi mwa wajumbe, wakamrudishia. Hapo ndipo ulipotoka waraka wa mkakati na mbinu ulioongoza mapambano kwa miaka mingi, na ndipo chama kilipofungua milango ya uanachama kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni. Hani na wenzake walirejeshwa.

Naileta habari hii kwa sababu ina mambo matatu ambayo mratibu wa mafungo anaweza kuyafanya hata kwa wafanyakazi 15. Maoni yalikusanywa kabla ya mkutano. Kiongozi mkuu alikubali kupimwa. Na mpango uliandikwa baada ya lawama kusikika, si badala yake. Ina onyo pia: waliosema kweli waliadhibiwa kwanza.

Kwa hiyo, wiki tatu kabla, mtafute mwezeshaji kutoka nje ya shirika, ambaye hana kazi ya ushauri anayoitarajia kutoka kwa mkurugenzi wenu. Azungumze na kila mfanyakazi peke yake, kwa simu au ana kwa ana, akiahidi kutotaja majina. Aje Mikese na mambo matano au sita yaliyojirudia, yameandikwa kwenye karatasi kubwa kwa maneno ya wafanyakazi wenyewe, bila kulainishwa.

Asubuhi ya kwanza viongozi wasiwepo ukumbini. Wapewe kazi nyingine, wakatembee. Wafanyakazi wabaki na mwezeshaji wayapitie mambo yale, waongeze, wafute yasiyo kweli. Wasemaji waanzie chini: mhudumu wa ofisi kabla ya ofisa miradi, wa kujitolea kabla ya mwajiriwa. Mkubwa akishasema, wadogo hukubaliana naye. Hiyo ni adabu yetu tuliyolelewa nayo, na ratiba nzuri huiheshimu kwa kumpa mdogo nafasi kabla adabu haijamfunga mdomo. Mchana viongozi warudi wasomewe. Kanuni iwe moja: hawajibu siku hiyo. Wanaweza kuuliza swali la kufafanua tu. Majibu watatoa kesho yake asubuhi, baada ya kulala nayo, na kila jibu liwe kati ya matatu: tutalibadilisha na kufikia tarehe fulani; hatuwezi na sababu ni hii; hatukubaliani, tupeleke kwenye bodi.

Awepo mjumbe wa bodi kwenye kipindi hiki. Kazi yake ni kusema mbele ya wote kwamba hakuna atakayehamishwa, kunyimwa mkataba au kununiwa kwa alichokisema, na kuyaweka maneno hayo kwenye kumbukumbu. Bila kinga hiyo usifungue mjadala kabisa. Ni afadhali mafungo ya kupanga tu kuliko tafakari inayogeuka mtego.

Mtazungumza nini hasa? Kuna maswali nisingependa yakosekane. Ni kesi gani au kijiji gani tulichokiacha njiani, na kwa nini? Ni lini tulifanya jambo kwa sababu fedha ilikuwepo, si kwa sababu watu walilihitaji? Humu ndani, nani anaogopa kumwambia nani ukweli? Kuhusu unyanyasaji wa kijinsia ndani ya shirika, msiulize hadharani. Mwezeshaji awe na njia ya siri, na aliyetajwa kwa kosa la namna hiyo ashughulikiwe kwa taratibu za kisheria, si kwa tafakari.

Mkitaja kesi za wateja, mfiche majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, na hata isingekuwepo, jina la binti aliyebakwa halipaswi kuonekana ukutani kwa projekta kwenye ukumbi ambao mhudumu wa kituo anaingia kuleta maji.

Vidonda vya wanaosikiliza

Hapa ndipo mashirika mengi hupita haraka, nami naomba usipite. Msaidizi wa kisheria husikia kila wiki habari za vipigo, za wajane waliofukuzwa kwenye nyumba walizojenga, za watoto. Anaandika fomu, anafunga faili, anapanda daladala kurudi kwake, na kesho anaanza tena. Baada ya miaka kadhaa huwa mkali kwa wateja au hukaa kimya nyumbani, na wenzake husema amebadilika. Amejeruhiwa, na kazi ndiyo iliyomjeruhi.

Mlete mshauri nasaha mwenye taaluma kwa siku nzima ya pili. Akae kwenye chumba cha pembeni, mtu aingie kwa hiari, bila orodha ya mahudhurio. Jioni moja iachwe wazi kabisa: hakuna kikao, hakuna "burudani" ya lazima, hakuna mashindano ya kuvuta kamba ambayo mtu mwenye mimba au mwenye kilema hulazimika kuyatazama akitabasamu. Anayetaka kusali asali, anayetaka kulala alale. Wapo watakaozungumza hadi usiku wa manane, na hao waacheni.

Ndipo mpange

Milima mnayoitazama kutoka Mikese ina funzo la kupanga. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Tatizo lilikuwa la kweli: udongo ulikuwa ukimomonyoka na mito ikichafuka. Wataalamu walikuwepo, fedha ilikuwepo, na dawa waliyoiandika ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe na kila mtu, kwa amri. Kwenye sehemu nyingi kuchimba kulileta juu udongo usio na rutuba. Mazao yakapungua huku jasho likiongezeka. Kule Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza na walijua kuyatumia maji ya mlimani, matuta yalikubalika zaidi. Kwingine chuki ilikua hadi Julai 1955, ghasia zilipolipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Someni habari hiyo kwa sauti kabla hamjagusa bajeti. Kisha kwa kila shughuli mnayotaka kuiandika jiulizeni: nani kijijini aliiomba? Itamwongezea nani kazi, hasa kati ya wanawake? Itafanya kazi Mvomero kama ilivyofanya kazi Kisarawe? Shughuli isiyo na jibu la swali la kwanza iondolewe, hata kama mfadhili ameipenda.

Anzeni na orodha ya mnachoacha kufanya. Ni kipindi kigumu, kwa kuwa kila mradi una mtu anayeupenda na mshahara unaoutegemea. Lakini shirika la watu 15 lenye malengo 12 halina lengo hata moja. Malengo matatu yanatosha kwa mwaka. Kila lengo liwe na mtu mmoja mwenye jina, si "idara"; liwe na fedha iliyothibitishwa, si inayotarajiwa; na liwe na namna ya kujua limefikiwa ambayo mwanakijiji mwenyewe anaweza kuithibitisha. Idadi ya watu waliohudhuria semina si ushahidi wa haki kupatikana. Mjane aliyerudi shambani kwake ni ushahidi.

Mhasibu na ofisa wa sheria wakae meza moja na wapangaji tangu mwanzo. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizotoka mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa mamlaka ndani ya siku 10 tangu kuingiwa. Ratiba ya mpango wenu iyape nafasi masharti hayo pamoja na ripoti ya mwaka kwa Msajili. Mashirika ya haki hayana ruhusa ya kuwa wazembe kwenye makaratasi. Wapo wanaongoja kosa dogo ili wapate sababu.

Ujirani na wenyeji

Kundi la watu wa haki za binadamu likijifungia kwenye kituo kwa siku tatu, wenyeji huuliza. Kabla ya kufika, mpigie Mtendaji wa Kata na mwenyekiti wa kijiji, mjitambulishe, mseme mnachokuja kufanya. Ni adabu, na pia huwaepusha na usumbufu usio na sababu. Mkiombwa kuzungumza na wananchi kuhusu mirathi au ardhi ya kijiji, kubalini kama mnaweza kurudi kufuatilia. Mkiwa hamrudi tena, msiwafungulie watu mashauri mtakayowaachia nusu. Na msiende kuwatazama wanakijiji "kujifunza" kwa saa moja huku mkipiga picha.

Kabla gari halijawashwa

Siku ya mwisho imalizike saa saba mchana. Mwandishi wa kumbukumbu, ambaye asiwe kijana wa kike aliyechaguliwa kwa sababu tu ni wa kike, asome kurasa mbili: malengo matatu na wenye kuyabeba, mambo waliyoahidi viongozi na tarehe zake, na mambo yaliyopelekwa kwenye bodi. Zisomwe kwa Kiswahili. Tafsiri ya mfadhili itafuata ofisini. Kila mtu apewe nakala yake, dereva na mlinzi wakiwemo, na kila mtu aulizwe kama kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Halafu pangeni kikao cha ufuatiliaji, siku 90 baadaye, nusu siku, ofisini. Ajenda ya kwanza iwe ahadi za viongozi kwa wafanyakazi, na malengo ya shirika yafuate. Mkurugenzi ataje tarehe ya kikao hicho mbele ya wote, mjumbe wa bodi aiandike. Akishindwa kuitaja, msiusaini mpango huo.